Gramu Kumi na Sita

Mizani yangu imezoea dhahabu.
Vumbi la Geita, hereni moja moja za wajane,
pete iliyokatwa kidoleni kwa msumeno:
vyote nimevipima bila kuuliza vilikotoka.
Ila jioni ile, tukifunga duka Makoroboi,
Minza aliniwekea juu ya kioo
kopo la unga mweupe wa kuumulia keki,
akasema, "Nipimie gramu kumi na sita.
Kijiko ni mwongo."

Nikacheka. Keki gani hiyo
isiyo na sukari wala mayai?
"Keki ni mimi," akajibu,
"na tanuri ni mita mia mbili za mwisho."

Kocha Luhende alimweleza hivi,
naye akanieleza mimi huku akichezea kifuniko:
ukikimbia mizunguko miwili kwa pumzi yote
damu inachachuka kama togwa ya siku tatu,
misuli inaungua ndani kwa ndani,
miguu inakuwa ya mtu mwingine,
mtu mwenye madeni.
Unga hauongezi nguvu.
Unapoza uchachu, kidogo tu,
kama magadi kwenye makande.
Ila si magadi ya dukani kwa Nkwabi!
Yale ya kufulia yatakutoboa utumbo.

"Haijakatazwa?"
"Nimeuliza mara mbili. Haimo kwenye orodha."
Basi nikapima.
Sindano ikatulia kwenye kumi na sita
kwa heshima ileile inayowapa matajiri.

Jumanne, Nyamagana, mazoezini,
aliubwia wote kwa mkupuo
na glasi ya maji ya uvuguvugu.
Mimi nimeshika saa.
Mzunguko wa kwanza haujaisha
tumbo likanguruma kama injini ya mtumbwi isiyotaka kuwaka,
naye akakata kona ambayo haimo katika riadha,
moja kwa moja hadi chooni.
Vijana wa soka wakalala chini kwa kicheko.
Alirudi baada ya nusu saa, uso umemsawijika.
"Tulipima unga," alisema.
"Hatukupima tumbo."

Wiki tatu tulilisoma tumbo.
Nikagawa mafungu manne, gramu nne nne,
kila fungu ndani ya karatasi ya kufungia vipuli.
La kwanza na uji. La pili na michembe
aliyoletewa na mamaye kutoka Magu.
Mawili ya mwisho na maji, polepole,
kama mtu anayemeza habari mbaya.

Siku ya mashindano ya kanda
upepo ulileta harufu ya magugumaji.
Korongo wawili wa jalalani walikaa juu ya mlingoti
wakatutazama kama wakaguzi.
Minza alicheua mstarini, akaziba mdomo,
akanikonyeza. Bunduki ikalia.

Ninaijua sehemu anayovunjikia.
Mita mia sita, kona ya upande wa Bugando:
bega la kushoto hupanda,
kidevu hutafuta mbingu.
Nikaliangalia bega, sikuangalia wengine.
Halikupanda.
Hatua kumi, halikupanda.
Kumi na tano.
Kisha likapanda, ndiyo, likapanda,
lakini msichana wa Musoma alikuwa tayari nyuma yake.

Wa tatu. Nusu sekunde pungufu ya muda wake bora.
Kocha alisema ni vile vilima vya Igogo
alivyovipanda alfajiri mwezi mzima.
Mamaye, kwenye simu, alisema ni michembe.
Minza hakusema kitu. Alikuwa ameinama,
mikono magotini, anahema,
na alipoinua kichwa aliuliza kuna maji.

Jumatatu mama mmoja alileta mkufu wa kuuza.
Nikauweka. Sindano ikasita.
Pembeni mwa sahani ilibaki chembe nyeupe,
moja, ndogo kuliko punje ya ulezi.
Nikamwomba radhi, nikautoa mkufu,
nikaifuta sahani kwa kidole,
na kabla sijaanza kupima upya,
sijui kwa nini,
nikakilamba.